Akija Mtu Kuomba Kazi Naye Hana Karatasi



Msimu haupiti ila huacha swali. Msimu wa vuli uliopita ulituachia swali ambalo hatukulizoea, nasi tumeona si vyema kulinyamazia mpaka mikarafuu itoe tena. Swali lenyewe ni hili: akikujia mtu shambani au kianikani kutaka kazi, naye ni mtu mwema na kazi aijua, lakini hana karatasi ya kuonyesha kuwa aruhusiwa kufanya kazi katika nchi hii, umfanyeje?

Labda msomaji atasema, "Hilo ni la wenye mahoteli Unguja, halituhusu sisi wa Konde." Nasi tulidhani hivyo hivyo. Basi na asikilize yaliyotupata.

Mikarafuu mwaka huo iliiva kwa pamoja, na wachumaji walikuwa wachache. Kila mmoja wetu ajua kuwa karafuu haimngoji mtu. Ukiichelewa siku chache hufunguka ua, na ikisha funguka si karafuu tena. Wenye mashamba walikuwa mbioni kutafuta watu wa kupanda, na sisi chamani tulikuwa twatafuta pia karani wa mizani, kwa kuwa mzee wetu aliyeishika kazi hiyo miaka mingi macho yamemchoka.

Siku moja walitujia wawili, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza alikuwa kijana mwanamume wa miaka ishirini na ushei, ataka kuchuma. Wa pili alikuwa mwanamke, mama wa watoto wawili, ataka ukarani, kwani amekwisha shika daftari la kikundi cha wanunuzi wa samaki. Wote wawili wasema Kipemba chetu hiki cha Msuka na Makangale, ila ndani yake mna maneno ya Mombasa. Kijana alisema amezaliwa Shimoni. Mwanamke alisema amezaliwa Watamu. Wazee wao walikwenda dago, na dago likawa maskani.

Hatukuuliza zaidi. Kijana tulimpa polo na upembo, akaupanda mkarafuu mrefu ulio nyuma ya ofisi kama apandaye ngazi ya nyumbani kwao, na tawi hata moja halikuvunjika. Mwanamke alikaa mizanini hata alasiri, akaandika hesabu safi, na alipokosa la kuandika aliketi na kina mama kuchambua, mkono wake ukienda mbio makonyo huku na karafuu huku. Jioni tukasema, "Alhamdulillahi, tumepata watu." Ndipo tulipokumbuka kuuliza vitambulisho.

Kijana hakuwa nacho cha Mzanzibari Mkaazi, wala cha Taifa, wala pasi. Alikuwa na kikaratasi kimoja tu kilichokunjwa mara nne, cha zahanati ya ng'ambo, chenye tarehe aliyozaliwa na jina la mama yake. Mwanamke alitoa kitambulisho kipya, kizuri, akakiweka mezani kwa fahari. Kilikuwa cha Kenya.

Halmashauri yetu ilikutana usiku ule, na maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema, "Wafukuzeni wote. Mnajuaje kama si watu wa magendo, wamekuja kutazama karafuu zimewekwa wapi?" Mwingine akamjibu, "Bwana wewe, hao ni damu yetu. Babu wa kijana kazikwa Msuka. Waandikeni kimya kimya, nani atajua?" Wa tatu, mzee wetu yule wa mizani, alinyamaza mpaka sauti zilipotulia, kisha akasema, "Mwabishana kama wafukuzwe au wafichwe, na bado hamjajua ni raia wa wapi. Jueni kwanza."

Neno lile lilitutia haya, kwa sababu lilituonyesha na kosa jingine. Siku ile ile tuliwaandika wachumaji wengine sita, na katika hao wawili hawakuwa na kitambulisho mfukoni. Hatukuwauliza. Kijana tulimwuliza kwa nini? Kwa sababu alisema neno la Kimombasa. Basi sisi tulikuwa twapima uraia kwa masikio, na masikio si mizani.

Sasa tuangalie asili ya jambo hili. Wapemba wamekuwa wakivuka kwenda pwani ya Kenya tangu zamani, wakifuata samaki na upepo. Wengine waliweka kambi Vanga, Shimoni na Gazi, wengine wakaendelea mpaka Watamu, Mayungu na Malindi. Wengi wa wale waliovuka kabla ya mwaka 1963 hawakujiona kuwa wanatoka nchi moja kwenda nyingine. Mwambao ule wa maili kumi, na Mombasa ndani yake, ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliouendesha pamoja na Kenya. Ni katika Oktoba 1963 ndipo yalipofanywa mapatano ya kuutia mwambao ndani ya Kenya, na Waziri Mkuu wa Zanzibar wakati huo, Mohammed Shamte, alikuwa mtu wa Pemba hii hii. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Kenya tarehe 12 Desemba. Mpaka ukapita katikati ya bahari, na mvuvi aliyekuwa ameanika nyavu zake upande wa pili akaamka akiwa mgeni.

Baadaye walifuata wengine, kila mmoja kwa sababu yake. Baada ya machafuko ya Januari 2001 watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia Shimoni. Wengi walirudi. Wengine hawakurudi.

Watoto waliozaliwa kule walikua bila ya karatasi ya nchi yoyote. Kenya iliwahesabu kuwa ni Watanzania, na Tanzania haikuwa na jina lao katika daftari. Mtu asiye na kitambulisho kule hakuweza kukata leseni ya uvuvi, wala kufungua hesabu benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Akinunua chombo, humwandikisha rafiki mwenye kitambulisho, na chombo huwa cha rafiki siku wakigombana. Akiajiriwa, hulipwa apendavyo tajiri, kwani hana pa kushitaki.

Jamii ya Makonde wa Kwale, ambao nao walikuwa katika hali hiyo, waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba mwaka 2016, na baada ya hapo wakatambuliwa na kupewa vitambulisho. Wapemba walingoja zaidi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliitambua jamii ya Wapemba kuwa moja katika jamii za nchi ile, na mwezi wa Julai mwaka huo Rais William Ruto alikwenda Kilifi kuwakabidhi karatasi zao. Watu waliokuwa wakitajwa kwa jina hilo walikisiwa kufika elfu saba hivi. Kitambulisho alichokiweka mezani kwetu yule mama kilitokana na safari hiyo ndefu.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Hapa Zanzibar nako wamekuwako watu wenye asili ya Msumbiji, Komoro na Burundi ambao wazee wao waliletwa au walikuja kufanya kazi, wakakaa vizazi vizima bila ya uraia, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo hatua za kuwaandikisha zilipochukuliwa. Katika mashamba ya karafuu walipita watu wengi wa namna hiyo. Babu zetu waliwatazama mikono, karatasi hawakuwauliza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tuliyoyalalamikia kwa ndugu zetu kule, tusiyatende hapa.

Ama sheria yasemaje? Tulikwenda kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Kwanza, mtu wa Tanzania Bara si mgeni katika jambo hili. Akija kuchuma kutoka Tanga au Tabora, yeye ni Mtanzania, na kibali cha kazi cha wageni hakimhusu. Twalisema hili kwa kuwa tumesikia wenye mashamba wakiwatisha watu wa Bara kwa jambo lisilokuwapo.

Pili, kwa mgeni wa nchi nyingine milango ni miwili. Kazi si jambo la Muungano, kwa hivyo Zanzibar ina sheria yake, nayo ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kwa sheria hiyo haijuzu kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi, na kibali hicho hutolewa na Serikali ya Mapinduzi kwa mkono wa Kamisheni ya Kazi. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hivyo kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mlango mmoja hautoshi bila ya wa pili.

Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki haijaufuta mlango wa kazi. Wengi hudhani kuwa tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika Julai 2010, Mkenya hufanya kazi hapa apendavyo. Sivyo. Mkenya huingia bila ya viza na kutembelea jamaa zake, lakini kuingia ni kimoja na kuajiriwa ni kingine.

Nne, na hili ndilo lililotufumbua macho, mtu kuzaliwa ng'ambo si hoja ya kutosha kumwita mgeni. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yasema kuwa aliyezaliwa nje ya nchi, naye baba yake au mama yake alikuwa raia wa Tanzania wa kuzaliwa, basi ni raia kwa kurithi. Lakini urithi huo kwa kawaida husimama hapo. Kama mzazi mwenyewe alizaliwa nje, na uraia wake ni wa kurithi, mtoto wake hapati uraia kwa njia hiyo. Tena mtu mzima akiukubali kwa hiari uraia wa nchi nyingine, huupoteza wa Tanzania, kwani Tanzania haikubali mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Basi tazameni ilivyokuwa. Baba wa kijana alizaliwa Msuka, akavuka akiwa mkubwa. Shangazi yake angali hai, na katika kasha lake la nguo ilipatikana hati ya kuzaliwa ya baba yule, imeliwa na mende pembeni lakini jina lasomeka. Kijana hakuwahi kuchukua kitambulisho cha Kenya. Tulimwandikia barua, tukamtuma kwa sheha, na sheha akamtuma Uhamiaji Wete pamoja na shangazi na hati yake. Alikwenda na kurudi mara nyingi. Nauli tulimsaidia mara mbili, ya tatu akaikataa kwa haya. Vuli ilikwisha bila yeye kuchuma hata pishi moja zaidi ya zile za siku ya kwanza. Lakini imethibitika kuwa ni raia, kitambulisho chake angali akikingoja, na jina lake limo katika daftari letu la msimu ujao.

Yule mama khabari yake ni nyingine. Aliyezaliwa Konde alikuwa babu yake. Baba yake alizaliwa Watamu, na yeye mwenyewe Watamu, na sasa ni Mkenya kwa kitambulisho alichokisubiri maisha yake yote. Ili awe karani wetu ingetubidi sisi waajiri tumwombee kibali, na katika maombi hayo tuseme kuwa hapakupatikana mtu wa hapa awezaye kazi hiyo. Je, tungeliweza kusema hivyo hali Konde imejaa vijana waliomaliza skuli na hawana kazi? Tungelitia saini uwongo. Tulimwita, tukamkalisha, tukamweleza yote bila ya kuzungukazunguka, na siku zake tulizomchukulia tukamlipa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kule nilikuwa Mpemba, na hapa nimekuwa Mkenya." Hakuna aliyemjibu. Alikwenda kuzuru kaburi la babu yake, akakaa kwa jamaa siku chache, kisha akapanda chombo kurudi kwa watoto wake.

Baadhi ya wanachama wametulaumu kwa hilo, wakasema tulikuwa na moyo mgumu. Twawajibu hivi. Kumficha mtu si kumsaidia. Mchumaji aliyefichwa akianguka mkarafuuni, nani atamwandikia taarifa, na kwa jina gani? Nyote mwajua kuwa kila msimu hatukosi wa kuanguka, na mtu asiyemo katika daftari huugua peke yake. Tena aliyefichwa hana ulimi. Ukimpunja pishi hasemi, ukimchelewesha ujira hasemi.

Na haya si ya kubuni. Mwenye shamba mmoja, ambaye si mwanachama wetu na jina lake hatulitaji, alimchumisha kijana wa ng'ambo siku nane. Siku ya malipo alimwambia, "Ondoka kabla sijaita Uhamiaji." Kijana yule aliondoka usiku, mikono mitupu. Karafuu zake ziliuzwa kituoni pamoja na nyingine, na mizani haikujua ni jasho la nani. Sisi twasema mbele yenu nyote kuwa huo ni wizi, na kuutaja uhamiaji hakuufanyi kuwa sheria. Tangu chuoni tumefunzwa kuwa ujira hutolewa kabla ya jasho kukauka. Aliyekwisha fanya kazi hulipwa, awe na karatasi au asiwe nayo. Kosa la kumweka kazini bila ya kuuliza ni la aliyemweka.

Kwa hivyo Halmashauri imekubaliana juu ya mwendo huu, na twawaomba wanachama wote waufuate msimu ujao:

1. Uliza kabla ya kumpa mtu polo, si baada. Sisi tulianza na kazi tukamaliza na maswali, na hapo ndipo tulipokosea.

2. Waulize wote sawasawa, yule wa Kifundi na yule wa Shimoni. Usimchague mtu kwa lafudhi, jina, sura wala kabila.

3. Usidai karatasi ya namna moja tu. Kitambulisho cha Mzanzibari, cha Taifa, pasi, hati ya kuzaliwa pamoja na barua ya sheha, kila kimoja kina neno lake. Ukitia shaka, uliza ofisini, usiwe wewe ndiye hakimu.

4. Soma karatasi, iandike katika daftari, mrudishie mwenyewe. Kuzuia kitambulisho au pasi ya mtu ili asikimbie ni kumfunga kamba, na hatutaki kusikia mwanachama amefanya hivyo.

5. Asiyekuwa na karatasi, mpe muda na mwonyeshe njia: kwanza kwa sheha wa shehia yake, kisha Uhamiaji kwa mambo ya uraia, kisha ofisi za vitambulisho. Mwandikie barua. Karatasi moja yenye muhuri wa chama huenda ikamfungulia mlango aliougonga mwaka mzima.

6. Akidhihirika kuwa ni mgeni na kazi yenyewe haina njia ya kibali, mwambie siku ile ile. Usimtumainishe mpaka mwisho wa msimu.

7. Mlipe alichokwisha fanya, chote, mbele ya shahidi.

Tumeongeza na jambo moja, nalo ni jepesi. Wanachama wenye ndugu ng'ambo, tafuteni katika makasha ya wazee. Hati ya kuzaliwa ya baba, cheti cha ndoa ya mama, hata kadi ya zamani ya zahanati, huenda ikawa ndiyo itakayomrudisha mtoto wa mtu kwao. Msitupe karatasi kwa kuwa imekuwa kuukuu. Anayetaka barua ya chama au kutaka mtu wa kumwelekeza kwenda Wete na aje ofisini asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa.

Nafasi ya karani wa mizani ingali wazi. Mzee wetu ameshika tena kalamu kwa muda, kwa miwani mipya. Twaendelea kuwapokea waombaji, na safari hii twaanza na maswali.

Wassalaam.